Mwaka Mmoja Uliozidi kwenye Hesabu ya Baba

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 29.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Mgongo unaendeleaje? Kazini wamekubadilishia kile kiti, au bado unakaa upande upande? Sisi wa huku miili ni mizima. Miguu yangu imevimba, lakini mkunga anasema ndivyo inavyokuwa mwezi wa mwisho. Baba anakula vizuri na anatembea. Utulivu tu ndio umetuhama.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini Baba siku hizi anajibu kwa mkato. Sikuweza kusema, maana alikuwa amekaa hapo hapo karibu yangu. Nimeianza barua hii mara tatu. Mara moja niliinuka kwenda kuzima jiko, nikakuta halikuwa limewashwa.

Unajua tangu tumzike Mama, miaka minne sasa, Baba amekuwa akisoma Danieli na Ufunuo na penseli mkononi. Tulidhani ni faraja ya mjane. Lakini Baba humjui? Mtu aliyesoma vipimo vya mvua na joto miaka thelathini na moja hawezi kuona namba akaiacha ipite. Zile siku elfu moja mia mbili na sitini, zile nyakati na nusu wakati, wale wanyama na pembe zao, vyote alivipangia safu. Akachukua fomu za zamani za kituo cha hali ya hewa, akazigeuza upande mweupe, akachora wafalme na miaka yao, akazibandika ukutani kuanzia mlangoni mpaka kwenye dirisha la sebule. Picha ya harusi yenu ilihamishiwa chumbani kwangu.

Mwanzoni walikuja watu sita kujifunza naye Jumamosi mchana. Kufikia mwaka huu sebule haikuwatosha, wengine walikaa barazani wakisikiliza kupitia dirishani. Baba hakupiga kelele wala hakumtisha mtu. Alisema taratibu, kama anayesoma taarifa ya mvua. Nadhani ndiyo sababu walimwamini. Akafika mwisho wa hesabu: juma linaloishia Alhamisi, tarehe 19 ya mwezi huu.

Mchungaji alikuja kumsihi. Alimkumbusha kwamba Bwana mwenyewe alisema siku na saa haijulikani na mtu. Baba akamsikiliza kwa heshima zote, akamwambia, "Ni kweli, Mchungaji. Siku na saa. Juma hakulitaja." Mchungaji akaweka kikombe chini, akaaga. Mimi nilicheka nikiwa jikoni, halafu nikajikuta sicheki tena.

Kwa sababu, Kaka, mtoto wangu anatarajiwa wiki tano baada ya tarehe ile. Wewe unajua nimepoteza wawili kabla ya huyu. Shemeji yako alitengeneza kitanda kidogo kwa mikono yake, akakipiga msasa siku nne, akakiweka sebuleni ili rangi ikauke. Baba alikipita kila siku kama anayepita kiti cha mgeni. Hakuuliza ni cha nani.

Jumamosi moja wakawa wanasoma yale maneno ya Bwana juu ya siku za mwisho, watu kukimbilia milimani, aliye juu ya dari asishuke. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia. Baba akasoma, akafika mahali, akaruka.

"Mzee, umeruka mstari," akasema fundi viatu, yule wa pale kona, ambaye hakosi hata siku moja.

"Nimeuona," Baba akajibu, akaendelea na unaofuata.

Niliutafuta mwenyewe baadaye. Ni ule unaowahurumia wenye mimba katika siku hizo. Nilikaa kitandani na Biblia mapajani, nikamkasirikia Baba kwa kuamini, kisha nikamkasirikia zaidi kwa kunihurumia.

Wiki zile fundi viatu aligawa vitu vyake. Cherehani ya kushonea ngozi alimpa binamu yake, kalibu za mbao za kuundia viatu akazigawa kwa mafundi wenzake, nyundo na sindano akamwachia jirani. Alifunga kibanda, akaja kukaa barazani kwetu tangu asubuhi, mikono juu ya magoti. Mikono ile haijazoea kukaa bure. Ilikuwa ikishona hewa.

Basi Jumatatu, siku tatu kabla, nilikuwa darasani nafundisha namba zilizo chini ya sifuri. Nikachora mstari ubaoni, nikatoa mfano wa kipimajoto, jinsi joto linavyoshuka kutoka moja hadi sifuri, kisha hasi moja. Chaki ikasimama mkononi mwangu. Kipimajoto kina sifuri, Kaka. Miaka haina. Ukitoka mwaka wa kwanza kabla ya Kristo unaingia moja kwa moja mwaka wa kwanza baada yake. Hakuna mwaka wa katikati. Na Baba, aliyeanzia kwa wafalme wa kabla ya Kristo, alikuwa ameuhesabu kwa mazoea ya kazi yake.

Nilirudi nyumbani nikazipitia karatasi zote za ukutani yeye akiwa ametoka. Kosa lilikuwepo. Lakini sasa nifanyeje? Nikimwonyesha, tarehe haifi, inasogea tu mwaka mmoja mbele. Tungeanza upya, na safari hii kwa masahihisho yangu. Nisipomwonyesha, Alhamisi itapita na aibu itamwangukia yeye peke yake mbele ya watu wote. Shemeji yako aliniambia nimwachie mzee na mambo yake. Ningeweza vipi?

Jumatano asubuhi nilimwekea karatasi mezani. Aliichukua, akaifuata namba kwa namba kwa ncha ya penseli. Akavua miwani. Nilingoja akasirike, au afurahi kwamba dunia imeongezewa muda.

"Mwaka mzima tena," alisema.

Sauti yake, Kaka. Ungedhani mtu ametoka kuambiwa basi limeondoka.

"Baba, unataka iishe kweli?" nikamuuliza. "Na huyu hapa?" Nikalishika tumbo.

Akasema, "Sitaki kitu kiishe, mwanangu. Nataka wafu wafufuke. Nimechoka kumngoja mama yenu."

Miaka minne tuliishi chini ya paa moja na karatasi zile, nikidhani ni habari za wafalme na wanyama. Kumbe kila safu ilikuwa njia ya kufika kwa Mama.

Mchana ule ule alivaa koti akaenda kuwaambia wenzake. Wachache walimsikia. Wengi walisema ni jaribu la mwisho la imani. Fundi viatu alimwambia, "Mzee, usinifanyie hivyo. Nimeshafunga kibanda."

Alhamisi walikuja wote. Walijaa sebule, baraza na ua mpaka kwenye kamba ya nguo. Baba alisimama mbele ya ukuta wake, akawaeleza kosa waziwazi, bila kujitetea. Ndipo mama mmoja wa mstari wa mbele akafungua daftari lake na kuuliza, "Kwa hiyo, Mzee, tuandike mwaka ujao?"

Nikasikia daftari zinafunguliwa pande zote. Nilishikilia mlango. Jibu lilikuwa moja tu kwa mujibu wa hesabu, na Baba hajawahi kuacha nafasi wazi kwenye fomu maisha yake yote.

"Sijui," alisema.

"Lakini namba zinasema..."

"Namba nilizipanga mimi. Sijui."

Akageuka, akaanza kubandua karatasi. Moja moja, kwa kucha, ili rangi ya ukuta isitoke. Hakuna aliyemsaidia. Wengine walilia. Fundi viatu aliondoka bila kuaga.

Ungefikiri hapo ndipo mwisho. Ijumaa Baba alikwenda kwa fundi viatu, wakazunguka pamoja nyumba kwa nyumba kuomba vifaa virudi. Baba ndiye aliyekuwa akibisha hodi na ndiye aliyekuwa akisema, "Kosa ni langu." Kalibu zimerudi karibu zote. Cherehani haikurudi, binamu alishaipeleka mbali. Fundi anashona kwa mkono, na hamsemeshi Baba.

Kibaya zaidi, kama nusu ya wale watu sasa wanakutana nyumba nyingine, na tarehe ni ya mwaka ujao. Wanatumia karatasi yangu. Mtu aliinakili pale mezani, na naambiwa wanaiita "masahihisho ya binti wa Mzee". Nimekwenda mara mbili kuwakataza. Wananikaribisha vizuri sana, wananipa kiti kwa sababu ya hali yangu, na hawanisikii. Jambo hili linanitembeza huku na huku chumbani mpaka shemeji yako ananishika bega.

Jana Baba alikaa karibu na kile kitanda kidogo. Akakitikisa kwa mkono, akasema mguu mmoja ni mfupi. Wakatafuta kipande cha mbao, yeye na shemeji yako, wakarekebisha.

Sasa nikueleze lililonifanya nishike kalamu. Mimi ndiye niliyekuwa na uhakika kuliko wote kwamba hakuna kitakachotokea. Karatasi nilikuwa nayo. Lakini asubuhi ile ya Alhamisi nilifua kila kitu, nikavaa gauni la kitenge alilonishonea Mama, nikapanga orodha kichwani ya watu niliowakosea. Ilikuwa fupi. Ulikuwa wewe.

Siku ya mazishi, uliponipigia kusema hukupata ruhusa ya kusafiri, nilikuambia usijiite tena mtoto wa mama yetu. Tangu hapo tunaulizana afya na hali ya hewa, na kila simu natamani kusema, nashindwa. Nisamehe, Kaka. Nilisema kwa uchungu, na nikaendelea kunyamaza kwa kiburi. Wewe ni mtoto wake. Hata siku yake ya mwisho alilitaja jina lako kabla ya langu, na hilo pia nilikuficha.

Msalimie wifi na watoto wote, na yule mdogo mwambie shangazi yake anamngoja. Baba anakusalimu. Hajui ninaandika nini, ila ameniambia niweke salamu zake mwanzoni, nami nimeziweka huku mwisho. Mungu akulinde uingiapo na utokapo, na akufikishe kwetu ukipata nafasi, hata kwa siku mbili.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye na ambaye hakuwahi kuacha kukupenda.