Jembe la Mfereji Limebaki Kwetu

Shikamoo, Baba. Tulia huko uliko, maana nina habari na siwezi kuzitoa polepole: jembe la mfereji limebaki kwetu.

Tangu tukuzike hapa migombani, mvua haijanyesha. Wazee waliniachia kazi yako ya kugawa maji pamoja na jembe lake, wakisema wataniangalia kwanza. Kisha Wajerumani wakaniita Boma, Arusha, wakaniandika mnyapara wa mfereji na kofia wakanipa. Bwana wa Boma akasema mkubwa hutangulia, kwa hiyo shamba langu linywe kwanza. Nilipanda mlima kichwa juu. Ungenicheka, Baba. Kofia yenyewe ilinifunika masikio.

Nikafungulia migomba yetu kwanza. Wewe miaka yote uliinywesha mwisho, nami utotoni nilinuna nikidhani unatuonea. "Mwenye kugawa hula mwisho," ulisema, basi, ukaendelea kuchimba. Siku ile maji hayakumfikia Mama Ndeshi, mjane wa bondeni. Hakulalamika. Aliniamkia tu, "Habari, Mnyapara," yeye aliyezoea kuniita mwana wa Ndemasi. Nililia njia nzima.

Kesho yake nilikata jani la isale, lile ambalo mtu wetu halibebi ila akienda kuomba radhi, nikampelekea Mama Ndeshi mbele ya wazee wote. Nikasema nilichofanya. Nikaweka jembe chini, maana niliona limenishinda. Mama Ndeshi akalipokea jani, kisha akaliokota jembe yeye mwenyewe, akanirudishia.

"Shika, mwana wa Ndemasi. Bado mashamba manne."

Wazee wakacheka, wakaondoka. Imekwisha hivyo, Baba, na moyo wangu haujatulia hadi sasa. Mwalimu wa misheni alitufundisha kwamba muungwana ni vitendo, nami niliiandika methali hiyo ubaoni kwa mwandiko mzuri kuliko wote. Kumbe kuandika ni rahisi. Kofia nimempa kuku anayeatamia. Boma wakiuliza nitawaeleza. Naogopa, lakini si sana.

Leo maji yametufikia sisi mwisho, jua limeshapinda. Yametosha migomba mitatu tu, nikachagua ile iliyo juu yako. Nilifurahi mpaka nikauruka mfereji.

Pumzika sasa, Baba. Maadamu jembe liko mkononi mwangu, ukihisi udongo wako umelowa, ujue bondeni wameshakunywa.

Mwanao