Nafasi ya Shemeji Eikichi

Kambi ya Wapimaji,
Bonde la Nigorisawa,
Hokkaido.
9 Aprili, 1974

Mpendwa Dada Tomeno,

Pokea salamu za mdogo wako kutoka kwenye baridi hii. Mimi mzima, ila mikono imepasuka na kikohozi hakijaniacha. Wewe je, unakula? Miguu ya mama mkwe wako inaendeleaje? Najua nyumba yenye msiba haiulizwi hali, lakini nauliza kwa kuwa nataka kujua.

Nimesikia mwanao Mitsugu anataka kuja kushika kazi ya baba yake. Kabla hujamjibu, soma kwanza mumeo Eikichi alikufaje, maana telegramu ilisema "ajali kazini" tu.

Kazi yetu ni kupigilia vigingi vya chuma kwa mstari mrefu kupanda mlima, kuvimwagia maji ya chumvi na kuvifunga waya. Fundi huko chini hupitisha umeme. Kwenye mwamba mkavu umeme hukwama. Penye maji ya moto chini ya ardhi hupita upesi, na hapo ndipo watakapochimba kutafuta mvuke wa kuendeshea mitambo. Kabla hajawasha, kila mtu husogea mbali na kigingi chake na kuinua bendera. Eikichi alishika kigingi cha mwisho, juu kabisa.

Siku ile upepo ulikuwa wa kukata masikio. Karibu na kigingi chake palikuwa na shimo katikati ya theluji, limeyeyushwa na joto la ardhi, chini kukavu na vuguvugu. Unatujua sisi watu wa theluji. Kwetu upepo ukivuma mtu huingia shimoni, hula chakula chake, hutoka. Aliniambia, "Sakuzo, mimi nakwenda kula barazani kwangu. Wewe baki na upepo wako." Nilicheka. Ningekuwa juu kule, ningeingia vilevile.

Lakini theluji ya kwetu haina sumu. Huku hewa mbaya inatoka ardhini na kutuama shimoni kama maji kisimani. Ikizidi, hata harufu yake huisikii.

Baada ya chakula bendera yake haikuinuka. Msimamizi wetu, Nonomura, alisema shemeji yangu kashiba, kalala. Nikapanda na mwenzangu mmoja kumwamsha. Nilimkuta ameketi, tonge la wali mkononi, limeumwa mara moja. Nilitaka kushuka, mwenzangu akanidaka koti akaniangusha. Tulimtoa kwa kamba. Uso wake ulikuwa mtulivu, Dada. Hilo ni kweli, sisemi kukufariji.

Msiba haukusimamisha kazi. Kesho yake tulipima, kigingi kikiwa pale pale alipokipigilia, na umeme ulipita hapo upesi kuliko popote mlimani. Fundi alichekelea, kisha akakumbuka, akainamisha kichwa. Kiangazi watachimba hapo hapo.

Nonomura amekwisha kumkubali Mitsugu, aje mpunga ukishapandwa. "Damu ya Eikichi," anasema, "mgongo wa farasi." Dada, usimruhusu. Atakwambia yeye mjanja, hataingia shimoni. Baba yake naye hakuwa mjinga. Upepo ukimkata, miguu itafuata mazoea kabla kichwa hakijafikiri.

Nilikusudia kurudi tupande mpunga pamoja. Sitarudi. Leo asubuhi nimemwomba Nonomura kigingi cha mwisho. Akaniuliza kama nina wazimu. Nikamwambia nina mpwa. Akanipa, huku akinung'unika.

Nisalimie mama mkwe wako, na Shinobu binti yako, na jirani Gonroku. Mwombe akulimie shamba la chini, hatakataa. Siku ya arobaini na tisa tangu afe, mfukizie Eikichi ubani kwa niaba yangu, umwekee tonge zima. Mababu wa nyumba yetu wawafunike nyote.

Na Mitsugu mwambie neno moja tu: nafasi ya baba yake imeshajazwa.

Ni mimi akupendaye, nduguyo wa tumbo moja,
Sakuzo