Fimbo ya Jumapili Mojamoja

4 Machi

Kwa shemeji muuza ndoano,

Mimi mzima, mgongo tu ndio unanisumbua kwa kubeba zege. Wewe je, afya yako? Nakuuliza kwa sababu barua huanza hivyo. Usidhani nimekusamehe.

Nina shida. Tunajenga ukuta wa nyumba ya wageni, pale maji ya chumvi yanapoingia kwenye mchanga. Kuna mgeni mmoja mzee anavua kwa nzi wa bandia, kidude cha manyoya chenye ndoano ndani. Hakina uzito hata kidogo. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, unakwenda nyuma na mbele hewani mpaka unatua mbali. Juzi wakati wa kula akanipa fimbo yake ya kuvulia nijaribu. Shemeji, toka tumzike dada yako hakuna saa iliyopita bila kumuwaza. Pale nilisahau. Niliwaza mshipi tu.

Nataka vifaa vyangu. Vya bei ndogo, maana nitavua Jumapili mojamoja, siyo kila siku. Wewe ndio kazi yako kuuza hivyo vitu. Niambie nichukue nini, na usinizungushe kama wateja wako.

Shemeji yako, mbeba zege

15 Machi

Kwa shemeji yangu,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Mimi mzima, duka linakwenda. Pole na mgongo.

Nakujibu kama ndugu, siyo kama muuzaji. Fimbo chukua namba nane, ndio kipimo cha nguvu yake, inayogawanyika vipande vinne. Hiyo moja inatosha kwa samaki wote wa pembeni mwa maji. Wanaokuja dukani wanataka fimbo za gharama, lakini kwa mtu wa mara mojamoja unalipia jina lililoandikwa juu yake tu. Kwenye rili, kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi, usibane hela sana. Chumvi inakula chuma, kwa hiyo tafuta iliyozibwa ndani, breki isipate kutu. Na ukibakiwa na hela, iweke kwenye mshipi. Mshipi mbovu haurushiki hata uwe na fimbo ya mfalme.

Ukimaliza kuvua suuza kila kitu kwa maji ya bomba. Wenye uvivu wa kusuuza ndio hao wanaorudi kwangu kununua tena.

Usinunue kitu. Nakutumia vyote, nzi nafunga kwa mkono wangu.

Yale mengine, shemeji, sijui niyaandike vipi.

Shemeji yako wa dukani

9 Aprili

Shemeji,

Mzigo umefika. Mimi mzima. Wewe sijui, wala leo siulizi.

Umeleta fimbo, rili, nzi na uzi mwembamba. Nikatafuta mshipi, sikuuona. Kulikuwa na likamba linene la rangi ya machungwa. Nikasema, huyu kafungia mzigo. Nikampa fundi, akalivuta ukutani kunyooshea kozi za matofali. Yule mgeni kupita pale, akashika kichwa. Kumbe ndio mshipi wenyewe! Sasa lina saruji mwanzo mwisho, na fundi hataki kulirudisha, anasema hajawahi kupata kamba inayoonekana vile. Wenzangu wananiuliza kama leo tunavua matofali.

Ungeandika neno moja tu juu yake ungekufa?

Halafu nani kakuambia nataka bure? Nilikuuliza ninunue nini. Hii fimbo unanilipa mimi, au unamlipa marehemu? Kuchagua rili isiyoota kutu unajua. Kuchagua basi la kuja kumzika dada yako hukujua. Alikuulizia mpaka siku ya mwisho. "Kaka kafika wapi?" Nikamwambia uko njiani. Mke wangu kafa na uongo niliomwambia kwa ajili yako.

Mbeba zege

20 Aprili

Shemeji,

Natumai mgongo umepata nafuu. Nimekutumia mshipi mwingine. Nimeuandika MSHIPI pande zote mbili.

Kwa hayo mengine sina cha kujitetea. Nataka kuja, shemeji. Nije?

Shemeji yako

1 Mei

Shemeji,

Mshipi nimeupata. Mimi mzima, isipokuwa sikio. Nimejirushia nzi wako akanasa humo, fundi kamtoa kwa plaizi. Yule mgeni kaondoka, hakuna wa kunielekeza.

Unaniomba ruhusa mimi? Kwenda kwa dada yako ndio kunataka ruhusa yangu? Njoo.

Ila sikiliza. Usije na zawadi. Ukishuka kituoni usipite kwangu. Anzia kaburini. Liko nyuma ya kiwanda cha mbao, muulize mlinzi. Ukinigongea kabla hujaenda kwake sifungui, nawe utalala barazani na begi lako.

Shemeji yako

2 Juni

Wewe,

Leo sina salamu.

Mlinzi wa makaburi kanifuata mpaka kazini. Anasema Jumamosi alikuja mtu ana uso wa mke wangu hasa, kama marehemu kauvua akauvaa yeye. Kakaa chini, kang'oa majani kwa mikono, kalia mpaka mlinzi akamletea maji. Jioni kapanda basi kaondoka.

Jumamosi! Ndio siku uliyoniandikia utakuja, na mimi nilikuwepo! Toka asubuhi sikutoka hata kununua chumvi. Chumba cha nyuma nilitoa mifuko yote ya saruji, nikatandika shuka ambalo dada yako alikuwa halitoi mpaka aje mtu wa maana. Majirani wananiuliza, unamngoja nani? Nikawaambia, mjinga mmoja, ndugu wa mke wangu.

Nilikuambia uanzie kwake. Nani alikuambia uishie kwake? Au ulifika mpaka kona ya kwangu ukaogopa? Unamuogopa nani, mimi? Kaburi hukuliogopa leo umeniogopa mimi?

Ile hasira ya kwanza ilikuwa ya mazishi, nilishaanza kuizoea. Hii ni mpya, na ni kubwa. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote ya kukuambia, makali, moja baada ya jingine, nikiwa kazini nayarudia kimoyomoyo mpaka naacha zege linakauka. Umeondoka, na maneno yamenijaa kifuani. Kuyaandika siwezi, karatasi haitoshi na mkono wangu mzito.

Panda basi urudi uje uyasikie. Shuka sijalitandua.

Shemeji yako