Tasnifu ya Kwanza ya Takwimu, Kasongo

Jumatatu, 2 Machi
Somo la uwezekano saa mbili, mwaka wa pili. Wanafunzi kumi na mmoja, vikokotoo viwili. Tumesonga mbele hivyo hivyo.
Idara yetu ya takwimu na hesabu za bima haijatoa hata tasnifu moja. Ijumaa tume inafika kutoka Kinshasa. Ikikosa tasnifu, inatufunga. Mimi ndiye mkuu wa idara. Ninaogopa.
Aliye tayari ni Feza peke yake, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Ameshaandika, zimebaki fomu za mji wa Salamabila, aliko sasa. Anawauliza motari, waendesha pikipiki wetu: nani alianguka, wapi, alilala hospitalini siku ngapi. Anatafuta kila mmoja achange kiasi gani ili wasaidiane matibabu. Anarudi kesho.

Jumatano, 4 Machi
Hajarudi. Mvua tangu jana. Simu yake haipatikani. Mama yake alikuja, akasimama mlangoni.
"Profesa, mutoto wangu iko wapi?"
Mimi ndiye niliyemtuma. Nimejichukia.

Alhamisi, 5 Machi
Amefika! Saa kumi, kwa miguu, matope hadi magotini. Daraja limevunjika upande wa Wamaza, pikipiki imebaki ng'ambo. Fomu alizifunga kwa plastiki, akazibeba kifuani chini ya kitenge.
"Ziko kavu zote, Profesa."
Nimemwambia aende kwanza kwa mama yake. Akaenda, akarudi. Tumehesabu, kila mmoja kivyake, mpaka usiku mwingi.

Ijumaa, 6 Machi
Ukumbi umejaa, Feza anatetea tasnifu yake. Motari wamekuja pia. Mjumbe mmoja wa tume akauliza: "Huna kompyuta. Unajuaje hesabu yako ni sahihi?"
Feza akajibu: "Niliifanya mara tatu kwa mkono. Profesa aliifanya peke yake, bila kuona yangu. Majibu ni yaleyale."
Hapo motari mmoja mtu mzima, mguu umepinda, akasimama bila kuitwa. "Mimi niko ndani ya hesabu hii. Nilianguka njia ya Salamabila. Hakuna mutu aliniuliza kabla ya huyu binti."
Mjumbe akaweka kalamu chini.
Amefaulu. Idara inabaki. Nimelia mbele ya wanafunzi wangu na sioni haya. Najivunia. Basi.

Jumatatu, 23 Machi
Mwaka wa kwanza wamepata mwalimu msaidizi. Nimekaa benchi la nyuma. Feza ameandika neno moja ubaoni, *wastani*, akauliza maana yake. Mikono mingi ikainuka. Wangu nimeuacha mezani.