Kiti Mlichonikalisha

Rågsved, 12 Mei 2009

Révérien, kile kiti chenu cha magurudumu cha umeme nimekitoa! Kimechukuliwa jana na mzee wa ghorofa ya chini aliyekatwa mguu, maana yeye ana shida nacho.

Sasa ndiyo nikusalimu. Hujambo, mdogo wangu? Wifi yangu na watoto huko Malmö hawajambo? Sisi wazima. Jimmy anaendesha treni ya chini ya ardhi, ile laini nyekundu, na Elise ni muuguzi ambaye hata madaktari humwuliza. Watoto wa tumbo langu hao! Lakini wamenikasirisha, na wewe umewazidi.

Ni wewe uliyesimama mwaka jana, sikukuu yangu ya kuzaliwa, ukasema mbele ya kanisa zima kwamba mama aliyesomesha watoto hashiki tena ufagio, anakaa anahudumiwa. Wakapiga vigelegele, kiti kikaingizwa. Toka siku hiyo nikigusa sufuria Elise ananipokonya. Nikibeba mfuko kutoka sokoni Skärholmen Jimmy anasema watu watamsengenya. Daktari aliposema nifanye mazoezi, mkacheka: bibi mzima avae suruali ya kubana arukeruke? Mkaendelea kuninenepesha kama kuku wa Krismasi!

Jirani yangu Soon-ja, mama wa Kikorea, yamemkuta hayo hayo. Mwanawe anaona aibu mamake kuonekana akihangaika. Basi kwa Kiswidi chetu cha kuokoteza tukakubaliana: watoto wakienda kazini, tunapanda kilima. Yeye na kofia yake pana anapunga mikono kama askari wa gwaride, ananitania kwamba ninatambaa. Mama mmoja wa kwaya akatuona, akampigia Elise simu kumwuliza kama mama yake amefukuzwa nyumbani. Elise akalia, akanifichia viatu. Viatu vyangu, Révérien! Mimi niliyemfundisha kutembea!

Sasa sikia neno ambalo sijamwambia mtu. Pasaka mlipokuja, nilibaki nimepiga magoti hadi ibada ikaisha, nawe ukawasifia watu jinsi dada yako anavyosali. Sikuwa nasali. Magoti yalikataa. Niliona haya kuita, mkatoka mkaniacha, mpaka Boniface anayefagia kanisa akaja kuninyanyua kama gunia. Hiyo ndiyo kazi ya kiti chenu, na ndiyo iliyonipeleka kilimani na Soon-ja.

Leo napiga magoti na kuinuka mwenyewe. Tena mimi na Soon-ja tumepata kijishamba cha kupanda maharage yangu na kabichi zake. Njooni wote mnione nikilima, na asiniletee mtu kiti.

Nisalimie wifi, wabusu watoto. Mimi dada yako Godeliève, nawangojeni Jumamosi, tarehe 23.