Betri za Mlimani

Mpendwa shemeji Salehe,

Ningekuwa na ujasiri, haya ningekuambia ungali hai. Sasa nakuandikia, ingawa najua huko uliko barua haifiki.

Nakumbuka siku ulipopanda mlima Uluguru kuufunga mtambo wetu wa redio. Mie nilibaki Mbagala juu ya paa la nyumba, jua la saa saba likinichoma, redio sikioni. Redio zetu za upepo, zile za kubonyeza na kuongea, zilikuwa hazifiki mbali. Ila kule kileleni mtambo ungezipokea sauti zetu na kuzirusha upya, mtu wa Temeke aongee na wa Morogoro, wa Bagamoyo, hata wa Unguja. Mara nikakusikia: "Shemeji, unanipata? Huku baridi, meno yanagongana!" Nilipiga ukelele mpaka majirani wakadhani nimeanguka.

Wewe, fundi mafriji wa Mwananyamala, ndiye uliyeutunza mtambo miaka yote. Mie nilikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha redio, kazi yangu maneno. Mafuriko yalipokata barabara na simu zikazima, watu waliulizana hali za ndugu zao kupitia mtambo ule. Shukrani nikapokea mie.

Halafu betri nne za mtambo zikatoweka kibandani kule kileleni, mtambo ukawa unajikongoja kwa moja iliyobaki. Mlinzi wa kibanda alikuwa amekwenda kwao msibani. Ufunguo mwingine ulikuwa nao wewe. Jumapili asubuhi, kwenye kikao chetu cha hewani, wote wakisikiliza, nikasema: "Mwenye ufunguo ni mmoja tu, na mnamjua."

Kisha sauti yako: "Shemeji... mie?"

Nikamwita msemaji mwingine.

Wiki tatu baadaye mlinzi akarudi. Paa la kibanda lilikuwa linavuja, naye kabla ya kusafiri alizihamishia betri nyumbani kwake kule mlimani zisilowe. Nilikuja kwako jioni ile ile. Ulikuwa barazani umeinamia friji la watu. Nikakuomba radhi. "Yameisha, shemeji," ukasema, ukaendelea kufungua skrubu.

Lakini hukuwasha redio tena. Nami nilijua unangoja nini: niyaseme pale pale nilipoyasema mwanzo. Nilikutuhumu mbele ya mikoa mitatu na Unguja, nikakuomba radhi tukiwa wawili. Mwanaidi, mkeo na dada yangu, alinifuata mpaka Mbagala. "Kaka, waambie tu kweli. Mume wangu hana raha." Nikamwahidi Jumapili. Jumapili ikifika nawaza watanicheka, mwenyekiti gani huyu, naisogeza mbele. Miaka miwili nikaisogeza hivyo hivyo, mpaka presha ikakuchukua.

Jumapili baada ya mazishi nilitangaza msiba hewani. Mzee mmoja wa Bagamoyo akauliza, bila ubaya wowote: "Salehe yupi? Yule wa betri?"

Shemeji, jina lako lilikuwa limebaki hivyo, na aliyelibandika hivyo ni mie. Nikabonyeza redio nikasema yote: paa lililovuja, mlinzi, uongo wangu, woga wangu. Kisha wakaja hewani mmoja mmoja kukuombea dua. Yule mzee naye akakuombea. Uenyekiti niliuacha siku ile.

Kutoka hapo nikaenda Mwananyamala. Mwanaidi yumo ndani, amekaa eda. Nikamweleza nilivyosema, na nani na nani walisikia, mpaka Unguja. Nilitaka, nakiri, anipe pole. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza taratibu:

"Na mwenyewe kasikia?"

Nilikaa pale nimeinamisha kichwa mpaka akaniambia niende nikapumzike.

Mola akupe kauli thabiti, shemeji. Mie nimeshindwa kukupa ya kwangu kwa wakati wake.

Ni mie,
Shemeji yako wa Mbagala