Soda ya Mawe

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya tisa tangu tumzike Bosi. Leo nimerudi kugonga mawe. Spika hakutaka — mke wangu huyo, nilimpa cheo hicho zamani kwa sababu humu ndani hazungumzi mtu bila ruhusa yake. Kasema watu watanionaje, udongo wa mjukuu haujakauka nami nimeshashika nyundo. Nikamwambia watu walianza kuniona vibaya kabla sijakuoa. Hakucheka. Nyumba hii hacheki mtu tena. Nazitania kuta.

Wateja wa kwanza: ndugu wa bwana mmoja aliyeanguka kutoka juu ya paa, amelewa, anarekebisha antena. Wanataka jiwe liandikwe MUNGU AMEMWITA. Nikauliza, alimwitia huko huko juu ya paa? Mkubwa wao akaninunia. Mzee, wewe andika. Nikaandika.

Miaka thelathini na moja nachonga majina ya marehemu, mimi wa darasa la tano. Mungu nimemwandika hadi patasi inalijua jina lake bila mimi. Shetani sijamwandika hata mara moja. Na si kwamba hatajwi. Wafiwa wakikaa kwenye benchi kungoja, ni yeye tu: shetani alimpanda dereva, shetani aliingia kwenye waya wa umeme. Ikifika kwenye jiwe anafutwa, sifa anachukua mwingine. Nilikuwa nawachekesha wateja kwa hilo. Maskini shetani, nawaambia, mfanyakazi asiye na cheti.

Leo aliyekaa kwenye benchi ni mimi. Jiwe la Bosi limeegemea ukuta, halina kitu. Jiwe dogo. Miaka minne na nusu haihitaji jiwe kubwa.

Jumanne, 4 Machi

Mchungaji amekuja kutufariji. Tulikuwa watano sebuleni: yeye, Spika, mwanangu na mkewe, yaani mkwe wangu, na mimi karibu na mlango ili nikimbie ikibidi.

Mchungaji kasema Mungu ana mpango wake. Mwanangu — baba wa mtoto, fundi wa kuchomelea, mtu wa maneno machache — akauliza ni mpango gani huo unaomuunguza mtoto koo siku tatu. Spika akadakia: hiyo si kazi ya Mungu, ni ya shetani, ila shetani haingii mpaka mtu amfungulie. Akamtazama mkwe. Nikaona nichafue hewa kidogo. Mchungaji, nikasema, kama mmoja anaruhusu na mwingine anatekeleza, hao si wapo ofisi moja? Akajibu kwa upole kwamba ni uchungu unaosema, Mungu ananisamehe. Nikamwomba ampelekee salamu, nami nalifikiria hilo hilo kwa upande wake.

Ndipo mkwe akafungua mdomo. Tangu mazishi hakuwa amesema sentensi nzima. Si Mungu, kasema, wala huyo mwingine, msiwasumbue. Chupa ilikuwa yangu.

Hakuna aliyemwambia si kweli. Mumewe alitazama sakafu. Na mimi ninayejibu hata nisiyoulizwa, nilitafuna ulimi.

Chupa ya asidi. Mimi ninayo ya kutakatisha mawe. Yeye nilimmiminia kidogo ya kusugulia sakafu ya choo, kwenye chupa ya soda kama yangu, maana nani ana chupa nyingine. Asubuhi ile alisugua choo, akarudi kwenye cherehani yake. Sasa hakumbuki kama aliirudisha juu ya rafu. Anairudia safari ile kila siku, namwona: anatoka chooni, anauinua mkono kama anaweka kitu juu, anaushusha, anatikisa kichwa.

Aliirudisha. Mimi najua.

Alhamisi, 6 Machi

Jana sikuandika. Kalamu niliishika, nikachora jogoo.

Niandike mara moja, nisirudie.

Chupa yangu hukaa kwenye ubao wa juu kabisa. Siku ile goti liliniuma, nikaiacha kwenye kigoda. Kinyozi jirani yetu akapita, nikamfuata langoni kumpigia hadithi ya mteja aliyejichongea jiwe akiwa hai, kisha mteja huyo akarudi kulalamika kwamba tarehe ya kufa inachelewa. Sikufika mwisho wa hadithi. Kelele zilitoka uani, kwenye bomba la maji. Mama yake Bosi alikuwa amembeba, chupa imelala kwenye maji, povu mdomoni mwa — hapana. Hilo siandiki.

Kinyozi akasimamisha gari, wakaondoka naye hospitali, mama yake na Spika. Uani nikabaki peke yangu. Kigoda kitupu. Nikaenda chooni. Kwa nini nilienda chooni? Chupa ya mkwe ilikuwa juu ya rafu, kizibo kimekazwa, imefutwa vizuri kwa kitambaa. Nikaichukua. Nikaibeba hadi karakana, nikaipandisha kwenye ubao wa juu kabisa, mahali pa yangu. Goti halikuuma hata kidogo.

Waliporudi, rafu ya choo haina kitu, na ubao wangu una chupa yake. Nani ataniuliza?

Mtoto wakati huo alikuwa bado anapumua.

Sasa nimpe nani? Nimejaribu kwa haki kabisa. Chupa ya kwanza Mungu anaweza kuichukua tukagawana: yeye hakutazama, mimi goti. Lakini ya pili? Nimembembeleza shetani aipokee. Haji. Nakumbuka vizuri, hapakuwa na sauti sikioni, hapakuwa na giza machoni. Palikuwa na mzee aliyetembea taratibu ili asimwage.

Ijumaa, 7 Machi

Mkwe hali. Mwanangu analala kazini kwake, anasema ana oda nyingi za mageti. Nilipita pale. Hakuna geti hata moja.

Nilimwambia mkwe, mama, ukikonda zaidi utapita kwenye tundu la sindano yako. Akasema, ndiyo Baba. Ndiyo tu.

Jumapili, 9 Machi

Wamekwenda kusali. Nimebaki, nimesingizia goti. Goti langu lina kazi nyingi mwezi huu.

Kuna jambo sikuliandika Alhamisi. Nilijiambia nimemaliza. Nimejidanganya kwenye daftari langu mwenyewe, ambalo hasomi mtu! Basi.

Bosi nilimwita Bosi kwa sababu alikuwa anakagua kazi yangu, mikono nyuma, tumbo mbele. Alipenda zaidi saa ya kutakatisha. Asidi ikigusa jiwe inachemka, inatoa povu. Akauliza, Babu, jiwe linafanya nini? Mtu mwingine angemwambia hiyo ni sumu, kaa mbali. Mimi lazima nichekeshe. Nikamwambia jiwe linacheua. Hii ni soda ya mawe, yakinywa yanatakata, yanapendeza. Alicheka hadi akakaa chini. Baada ya hapo kila siku: Babu, lipe soda, licheue.

Wiki moja kabla, aliniuliza kama naye akinywa atacheua. Nikamwambia, wewe si jiwe. Nilidhani nimemjibu.

Nimesema maneno mangapi katika maisha haya, na hakuna aliyeyashika. Hilo moja likashikwa.

Wakirudi watasema wameniombea. Mimi nikisali nitasema nini? Huko juu wanajua. Na kama wanajua na wamenyamaza, basi nao wanatafuna ulimi kama mimi. Nilitegemea wanizidi.

Jumatano, 12 Machi

Mwanangu amekuja karakana. Hakuketi. Kasema jiwe liandikwe MUNGU AMEMPENDA ZAIDI. Nikamuuliza, unaamini hivyo? Akasema, Baba, nikiandika ninachoamini itabidi nimwandike mke wangu. Jumamosi kaka zake wanakuja kumchukua. Kila akinitengea chakula naitazama mikono yake, kasema, siwezi.

Nikamwambia, mpe muda. Muda! Ndilo lililonitoka. Fundi wa maneno.

Baadaye akaja mkwe mwenyewe. Kavua ndara mlangoni, kwenye karakana iliyojaa vumbi na vipande vya mawe, kana kwamba ni sebule ya mkubwa fulani. Ana ombi. Chini ya jina, badala ya hayo ya Mungu, nimchongee MAMA YAKO ANAOMBA MSAMAHA. Mumewe ameshakubali, kasema aandike, kosa ni lake. Na anataka alione limekwisha kabla hajaondoka. Baba, kasema, nikishatoka hapa sijui kama nitaruhusiwa kumtembelea. Jiwe ndilo litabaki linamwomba badala yangu.

Nikasema, sawa mama.

Miaka thelathini na moja, hili ndilo jiwe langu la kwanza ambalo Mungu hasingiziwi. Na ni uongo.

Ijumaa, 14 Machi

Jina na miaka tayari. Patasi inapotoka kwenye mistari iliyonyooka, kwenye mviringo haikosei. Uzee wa ajabu.

Spika ameniuliza mbona sili. Nikamwambia nafunga kwa ajili ya dhambi zake. Kanitazama muda mrefu. Miaka arobaini na mbili na huyu mwanamke. Nikadhani ataniuliza kitu. Akaondoa sahani.

Jumamosi, 15 Machi

Walifika saa nne. Kaka wawili, gari dogo la mizigo. Cherehani imeshapakiwa, imefungwa kwa kamba na shuka. Mkwe akawaambia hatoki mpaka jiwe liishe. Basi safari yao ikawa mikononi mwangu. Nimechonga kama konokono: nanoa patasi iliyokwisha kunolewa, napuliza vumbi lisilokuwepo, nasahau penseli sikioni naitafuta chini ya benchi. MAMA YAKO. Kisha ANAOMBA. Alikaa pale, begi mapajani, anatazama mkono wangu.

Saa sita kaka mkubwa akachungulia. Mzee, tunakwenda mbali. Nikamwambia jiwe halina haraka, wala aliyelazwa chini yake. Akasonya, akarudi kwenye gari.

Nikaweka nyundo chini. Nikasema. Bila kumtazama, nikasema: mama, msamaha huu si wako. Chupa yako uliirudisha juu. Aliyokunywa mtoto ilikuwa yangu, na yako niliiondoa mimi.

 Akatabasamu. Tangu mazishi sijayaona meno yake. Baba, kasema, hata leo? Nikamwambia si utani. Akasema, najua si utani, ni huruma. Umeona ninavyokwenda ukaamua unibebee. Baba yangu mzazi hajawahi kunifanyia hivyo. Akapiga magoti kwenye vumbi la mawe, akanishika mikono yote miwili. Mungu aiweke mikono hii, Baba. Mungu aiweke.

Nikafungua mdomo. Akasema basi, Baba, tafadhali, nimalizie neno lililobaki. Amekwenda ndani kumuaga Spika.

Ndiyo nimeshika daftari. Nina dakika tano, labda.

Nimeshasema. Hilo liandikwe: nimesema, kwa mdomo wangu, hakusadiki. Mtu akisema kweli ikakataliwa, lawama inakuwa ya aliyeikataa. Au sivyo? Sikiliza sauti hiyo inavyopanga maneno, taratibu, kama wakili. Naitafuta inatoka wapi. Juu kimya, chini kimya. Ni ile ile iliyotembea ili isimwage.

Naweza kulisaga jiwe uso mzima na kuandika BABU YAKO. Kazi ya siku mbili. Gari halingoji siku mbili.

Au mwanangu. Yuko pale langoni, ameegemea ukuta, mikono mfukoni, hawatazami mashemeji zake. Nikimwambia yeye, mbele yao, ataamini. Huyo hajawahi kucheka utani wangu hata siku moja tangu azaliwe. Ataamini papo hapo. Ndiyo maana sijamwita.

Injini imewashwa. Nasikia ndara za mkwe, amepita sebuleni, yuko jikoni. Spika analia, yeye ndiye anayembembeleza.

Mwanangu ameinua kichwa. Anatazama huku. Sijaita, nimeinua mkono tu, mkono wenyewe umeinuka. Anajigusa kifua, kama anauliza: mimi? —